Shabaha Kando ya Uzio wa Njoroge

Jumanne, 4 Machi
Nimetoka zamu ya hospitali saa moja asubuhi. Nimepitia kwangu Garland, kando ya Dallas, kuvua sare, nikaendesha hadi shambani na chai yangu kwenye chupa. Mzee wa trekta alikuwa ameshaanza kusukuma udongo. Tuta la kuzuia risasi limefika kifuani. Nataka lipite kichwa, lipite hata mkono wangu nikiunyoosha. Sheria ya huku haidai mengi. Uwe nje ya mji, ardhi iwe yako na iwe ya kutosha, risasi isivuke mpaka. Kelele hawakuikataza. Hapo ndipo nilipopapenda.

Njoroge alisimama upande wake wa uzio, mikono mfukoni, akitazama trekta. Nilikuwa mke wake tangu Nakuru. Tulipoachana, korti ikaligawa shamba kama chapati: yeye nyumba na nyasi, mimi kichaka na bonde. Akamleta Lilian kwenye ile nyumba. Lilian wa chama chetu cha akina mama, aliyekuwa akila kwangu na kuniomba nimfundishe kupika mukimo. Njoroge alinipungia mkono. Nikageukia trekta.

Ijumaa, 14 Machi
Vibao vya chuma vimening'inizwa kwa minyororo. Risasi ikigonga, vinalia kama kengele ya shule. Nimechagua chuma makusudi. Karatasi haipigi kelele.

Meza ya kuwekea bunduki nimeipigilia misumari mwenyewe. Imepinda. Sijali.

Ng'ambo ya uzio wanafunga taa kwenye miti. Njoroge anakodisha uwanja wake kwa harusi, graduation, baby shower. Wakenya, Watanzania, Wakongo, kila mtu Dallas anasema twende kwa Njoroge. Lilian anapika. Watu wanamsifu. Inaniuma. Naandika hivyo hivyo: inaniuma.

Jumapili, 23 Machi
Leo sikwenda kanisani. Nimefanya mazoezi. Bega linauma. Mkono umetulia kuliko nilivyotarajia. Miaka yote hii ya kutafuta mishipa ya wagonjwa, mkono umejua kutotetemeka.

Jumamosi, 5 Aprili
Harusi ya Watanzania. Mahema meupe, vitenge vya sare, muziki wa taarabu. Nilikaa mezani kwangu nikala karanga. Nilingoja mpaka wazee waliposimama kuongea.

Risasi ya kwanza, watu walicheka. Wakadhani ni fataki. Ya pili, kimya. Kufikia ya tano watoto walikuwa wanalia na bi harusi ameshika gauni lake kama anayevuka mto. Lilian alikuja hadi kwenye uzio, mwiko mkononi, akaniita kwa jina langu. Nilivaa vifuniko vya masikio. Nikaongeza risasi.

Askari wa kaunti alikuja baadaye. Kijana mpole. Alilizunguka tuta, akalipiga teke kwa buti, akauliza napiga kuelekea wapi. Nikamwonyesha. Akasema ni tuta zuri, laiti angekuwa nalo kwake. Akaenda kumweleza Njoroge kwamba hakuna kosa. Nilimwona Njoroge akishusha mabega. Nimekula vizuri jioni.

Jumatatu, 7 Aprili
Ciku amepiga simu kutoka Houston. Mtoto wangu wa pekee. Patrick wake na watu wake wanakuja mwisho wa mwezi kuleta mahari. Kwa babake, kwenye nyasi zile. Nimealikwa. Nimeuliza nani atakaa kwenye kiti cha mama. Akasema Auntie Lilian ameshapanga meza, lakini nafasi yangu ipo.

Nafasi yangu ipo. Kwangu mimi niliyemzaa.

Kisha akasema lililomfanya apige simu. "Mum, hiyo Saturday moja tu, usipige. Please. Si kwa ajili ya Dad. Ni mamake Patrick."

Nikauliza ana nini. Akanieleza. Mama huyo alikimbia Kongo na watoto wawili. Walikuwa watano, na baba yao. Wale wengine walipigwa risasi uani, yeye akiwa chini ya kitanda amewaziba midomo hao wawili. Mpaka leo, wakaazi wa mtaa wao wa Gulfton, huko Houston, wakirusha fataki, huingia bafuni akafunga mlango.

Nilimwambia Ciku nimesikia. Alisema asante. Sikuahidi kitu. Yeye ndiye aliyesikia ahadi.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Nimenunua gauni la kijani. Nimelijaribu mbele ya kioo. Linanipendeza. Nimelitundika mlangoni. Nitakwenda, nitakaa, nitatabasamu. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka imeanza kuonekana kweli.

Jumamosi, 26 Aprili
Nilikwenda shambani mapema nikiwa nimevaa gauni. Nilitaka kuingia kwa geti lao nikiwa nimetulia, kwa hiyo nilisimama kwanza upande wangu, chini ya miti. Wageni walifika kwa magari mengi. Akina mama wa Kikongo walishuka wakiimba. Aliyetangulia alikuwa mwembamba, kilemba cha manjano, anacheza huku amebeba kikapu kichwani bila kukishika. Nikajua ndiye.

Lilian alitoka kumpokea. Amevaa lesso begani, ile ambayo mama mkwe alinipa mimi siku Ciku alipozaliwa. Niliiacha ndani ya ile nyumba. Akamkumbatia yule mama. Watu wakapiga vigelegele. Mtu akasema kwa sauti, mama wa bibi harusi ndiye huyo. Ciku alikuwa pale kando. Hakusahihisha.

Nilitoa bunduki kwenye gari, nikatembea hadi mezani kwangu. Kwa gauni la kijani. Nilijua ninachofanya. Naandika ili nisije nikajidanganya kesho kwamba hasira ilinipofusha. Sikupofuka. Niliona kila kitu.

Nikapiga. Chuma kikalia.

Kikapu kilianguka. Yule mama alijitupa chini, akatambaa hadi chini ya meza, akavuta watoto wa watu, yeyote aliyefikia mkono wake, akawalalia. Akawaziba midomo. Patrick alipiga magoti akimwita. Hakutoka. Kilemba kilibaki kwenye nyasi.

Ciku alinitazama kupitia uzio. Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa polepole, kama unavyomkataza mtoto mdogo anayetaka kugusa jiko.

Kulikuwa na risasi zimebaki. Nilizimaliza.

Jumapili, 27 Aprili
Ujumbe wa Ciku: Usinipigie tena. Nimempigia. Hapatikani.

Jumatano, 14 Mei
Hakuna mtu anayekodi kwa Njoroge tena. Habari zimezunguka makanisani na kwenye makundi ya simu: pale panapigwa risasi. Leo ameteremsha mahema. Lilian alikunja vitambaa vya meza akilia, hakujificha. Watauza. Watahamia Houston wawe karibu na mtoto.

Njoroge alikuja hadi kwenye uzio. Amezeeka. Akasema, "Mama Ciku, umeshinda. Sasa utafanya nini na ushindi huo?" Nikapakia bunduki. Akaondoka bila haraka.

Nimeshinda. Niliandika neno hilo kisha nikaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 28 Juni
Kwenye kundi moja walisahau kunitoa. Nikajua wameipanga upya sherehe, Gulfton, kwenye ua wa apartments wanakoishi kina Patrick. Nime-drive asubuhi yote. Nimeegesha ng'ambo ya barabara, madirisha nimefunga. Nilimwona Ciku akipita na sufuria, amevaa kitenge. Amenenepa kidogo. Anacheka. Njoroge alikuwa anapanga viti. Sikushuka.

Mtu akagonga kioo. Kilemba cha manjano.

Hakunijua. Angenijuaje? Siku ile alikuwa chini ya meza. Niliteremsha kioo. Akasema, "Mama, uko unafanya nini mu gari na hii jua? Kuya kula. Chakula iko mingi."

Nikasema nangojea mtu. Akarudi ndani. Nilidhani yameisha. Akaja tena na sahani ya karatasi, sombe ya majani ya muhogo, fufu, samaki, na chupa ya maji baridi. Aliniwekea mapajani kupitia dirishani. Kiganja chake kiligusa mkono wangu. Kikavu, cha joto.

Akaniuliza, "Uko mama ya nani hapa?"

Ciku alikuwa amesimama langoni, anamtafuta kwa macho. Aliliona gari. Aliniona. Hakusogea.

Nikasema, "Sina mtoto hapa."

Yule mama alinipa pole. Akasema Mungu atanipa. Akavuka barabara, Ciku akamshika kiwiko, wakaingia pamoja.

Nilikula yote. Samaki alikuwa na chumvi kidogo.

Jumapili, 29 Juni
Nimelala mpaka saa nane mchana. Mvua imenyesha Garland. Nimefua sare, nimezianika bafuni. Kesho nina zamu.