Siti ya Nyuma

Jumanne, 4 Machi 2014

Zamu ya asubuhi. Shuka za ghorofa tatu, taulo, mashine namba mbili bado inavuja. Mwaka wa tisa huu nafua nguo kwenye nyumba ya wazee hapa Ganshoren. Leo nimegonga toroli la nguo, mara ya pili wiki hii. Lilikuwa kushoto kwangu, kubwa kama ng'ombe, na sikuliona. Nikawaambia sakafu inateleza.

Nimerudi kwa tramu. Baiskeli yangu iko chini kwenye stoo, mwezi wa pili sasa. Mke wangu Hadija anadhani ni goti. Kila jioni ananichua kwa dawa. Goti zima kabisa. Naona haya.

Karatasi ya daktari wa macho ni ya Kifaransa, lakini ugonjwa wenyewe naujua kwa Kiswahili: presha ya macho. Pembeni kumekufa, kushoto zaidi. Kilichokufa hakirudi. Matone kila jioni, ili kilichobaki kisifuate. Nilimuuliza habari ya baiskeli. Alisema angekuwa yeye, asingeendesha tena. Sawa, yeye si mimi.

Chupa ya matone iko kwenye sanduku la spana, chini ya kopo la grisi. Daftari hili nalo humo humo. Hadija hagusi grisi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia tununue baiskeli ya watu wawili. Twende baharini, Ostende, siku nne, mapumziko ya Kupaa, sikukuu ya Wakristo, mwezi wa tano. Alicheka. Halafu akaniuliza kama nasema kweli.

Kule kwetu Kasulu nilimbeba kwenye keria karibu mwaka mzima. Alikuwa mkimbizi kutoka Bujumbura, anafanya usafi zahanati. Mimi fundi baiskeli pale sokoni, na abiria napakia. Alikaa upande, kitenge kimebanwa magotini. Siku ya tatu nilikataa nauli yake. Mambo yakaanzia hapo.

Sababu sikumwambia. Nataka kumbeba mara moja zaidi kabla giza halijafika. Peke yangu naogopa barabara. Akiwa nyuma yangu nitajikaza. Najua huku ni kujidanganya. Nimeandika ili nisije nikasema sikujua.

Jumamosi, 22 Machi

Berchem, gereji ya mzee mmoja Mflemi, mwenyeji wa huku, anayeitwa Jef. Amejaza tandemu, hizo baiskeli za watu wawili, hadi darini. Mtu wa maneno machache, mikono ya fundi kweli. Swali lake la kwanza: nani mbele? Nilijibu kabla Hadija hajafungua mdomo.

Kumbe fremu ya tandemu huamua yenyewe. Nyingi mbele ni ndefu, nyuma fupi. Mume mbele, mke nyuma, ndivyo walivyozitengeneza. Ya bluu ilinikaa kama nimepimiwa. Chuma safi, gurudumu la nyuma spoki arobaini, breki ya tatu ndani ya habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa ajili ya miteremko na mzigo. Pedeli zote zimeungwa kwa mnyororo wa kushoto. Wa mbele akizungusha, wa nyuma anazungushwa, atake asitake.

Kulikuwa na ya kijani pia, nzito, bomba lake limeinama mbele na nyuma. Nilisema hii ni ya wanawake wawili wanaokwenda sokoni. Jef hakucheka. Tumechukua ya bluu.

Jumapili, 6 Aprili

Siku nzima stoo. Raha niliyosahau. Keria mbili, mbele na nyuma. Mifuko minne ya pembeni. Tairi nene. Spoki sita za akiba nimezifunga kwenye fremu. Siti ya Hadija nimeiwekea springi. Jef anasema wa nyuma haoni shimo linapokuja, mgongo wake ndio unaolipokea.

Nimefunga na vioo viwili kwenye usukani, kimoja kila upande. Hadija kauliza kama tunafungua teksi. Nikasema barabara za huku zina magari mengi. Kioo cha kushoto nimekigeuza sana. Hata kukitazama chenyewe lazima nizungushe shingo.

Jumamosi, 12 Aprili

Bustani ya Josaphat, kuzunguka bwawa. Hapa ndipo Hadija alipojifunza baiskeli, akiwa na miaka arobaini, darasa la wanawake la manispaa, fulana za njano. Nilisimama pale penye bata nikamcheka mbele za watu. Alianguka mara nne. Hakulia wala hakunitazama.

Leo nimekuwa mwalimu, na mwalimu mbaya. Alikaa nyuma kama zamani Kasulu, miguu inazunguka lakini hasukumi. Uzito nausikia wote mimi. Nimemwambia kanyaga, hii si teksi. Nimemwambia pia asijitikise, maana wa nyuma akiyumba, wa mbele anapotea. Nililisema mara kumi. Mimi ninayeyumba.

Mbwa katokea kushoto. Nimemsikia kabla ya kumwona.

Alhamisi, 24 Aprili

Salma, binti yetu aliye chuoni Gent, kapiga simu. Atatupokea usiku wa pili wa safari. Kamnunulia mama yake kofia nyekundu ya baiskeli. Hadija anaivaa jikoni.

Nilitaka kumwambia leo. Ile kofia ikanifunga mdomo.

Jumapili, 4 Mei

Tumeanguka.

Nitaandika yote. Tulijaza mifuko mchele na maji tujaribu uzito. Njia ya mfereji, kuelekea Vilvoorde. Jua, upepo mgongoni, Hadija anakanyaga vizuri, ananiimbia. Nilifurahi kweli. Nikaacha kugeuza shingo.

Nguzo ya kuzuia magari. Nyekundu na nyeupe, kimo cha kiuno, katikati ya njia. Kila mtu anaiona. Mfuko wa kushoto umeipiga, usukani ukanitoka, tukaenda chini wote. Niliiona nguzo nikiwa nimelala. Imesimama juu yetu.

Hadija alitua kwa mkono. Kabla sijainuka alikuwa ameshasema: "Nisamehe, Baba Salma. Nilijitikisa."

Nilimwinua. Nikaanza kunyoosha usukani.

Jumatatu, 5 Mei

Kifundo cha mkono kimeteguka, hakikuvunjika. Bandeji, wiki mbili hakuna kazi. Kazi yake ni kuinua wagonjwa kitandani. Kawapigia wenzake simu, kawaambia ameanguka kwa ujinga wake. Nilikuwa namsikia. Nilikuwa nasafisha mnyororo uliokuwa safi.

Nimemwambia hata njia ilikuwa mbaya. Eti namfariji. Pumbavu mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimerudi kazini nikamkuta jikoni, kakaa kwenye kiti, kofia nyekundu kichwani, macho kafumba, miguu inazunguka hewani. Mkono wenye bandeji kauweka pajani. Anajifunza kutokujitikisa. Kwa saa ya ukutani, dakika kumi kumi.

Kaniambia nisivunje safari. Atakuwa tayari.

Nimekwenda chooni nimekaa huko muda mrefu. Sijawahi kujichukia hivi.

Ijumaa, 9 Mei

Msikitini. Nimesimama safu ya mwisho, nimesujudu, sikuomba lolote. Niombe nini? Yote yapo mikononi mwangu, ni kufungua mdomo tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia.

Nilileta sanduku la spana jikoni nikaliweka mezani, juu ya kitambaa chake cheupe. Nikatoa grisi, nikatoa chupa, nikatoa karatasi ya daktari. Nikasema yote: toroli, tramu, goti, vioo, mbwa, nguzo. Nikasema hakujitikisa. Nikasema alikaa vizuri kabisa.

Alisoma karatasi mara mbili. Anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi. Nilitegemea apige kelele. Heri angepiga.

"Bon, sawa," alisema. "Donc, kwa hiyo ulijua unaendesha huoni, na mimi niko nyuma."

Nikasema ndiyo.

"Macho ni ugonjwa. Macho nitakusamehe. Lakini siku sita, Baba Salma. Siku sita uliniacha niombe msamaha."

Aliondoa sanduku kwenye kitambaa, akaliweka sakafuni, taratibu, kwa mkono mmoja. Kitambaa kimebaki na doa.

Jumanne, 13 Mei

Chakula kinapikwa, nakula, nasema ahsante, hajibu. Anaongea na Salma kwa simu chumbani, mlango umefungwa. Salma kanitumia ujumbe mmoja: Baba, kwa nini?

Asubuhi nimeikuta chupa ya matone kwenye mlango wa friji, karibu na maziwa. Kabandika karatasi: saa mbili jioni. Mwandiko wake.

Goti hanichui tena. Nalikumbuka goti.

Ijumaa, 16 Mei

Kaongea. Tulikuwa tunakunja nguo. Kaniuliza nani kasema safari imekufa.

Nikasema siwezi kuendesha. Akasema hakuniuliza hilo. Akasema: "Mimi mbele. Hutaki, nitakwenda kwa treni, utabaki na grisi yako."

Nilitoka nje. Nimezunguka kona ya mtaa mara tatu, taratibu, nikishika ukuta. Mwanaume kubebwa na mkewe. Pale Kasulu sokoni wangecheka hadi wakae chini. Nimewaza watu ambao sijawaona miaka kumi na minne, wengine marehemu, na ndio nawaonea aibu. Hadija aliye hapa sikumwonea.

Nimerudi nimemwambia sawa. Kasema tumalizie shuka.

Jumamosi, 17 Mei

Tumejaribu ile ya bluu, yeye mbele, uani. Haiwezekani. Miguu haifiki chini, bomba linamzuia. Nimeshusha siti mpaka mwisho, nimegeuza usukani, nimejaribu kila ufundi ninaoujua. Fremu haishuki. Niliichagua mimi, kwa kimo changu, kwa jibu nililojibu haraka haraka.

Kwa Jef tena, tumeisukuma tukaipandisha kwenye tramu, watu wanatukata macho. Nilimwambia mzee ukweli kwa Kifaransa changu cha kuungaunga: macho yangu, mke wangu mbele. Aliingia ndani akatoka na ile ya kijani. Ilikuwa imefutwa vumbi.

Hadija kakanyaga chini miguu yote miwili. Kapiga kengele mara moja. Jef kakubali tubadilishane.

Jumapili, 25 Mei

Nimehamisha kila kitu. Keria, mifuko, spoki za akiba, gurudumu lenye breki ya habu. Jef aliniruhusu nivue nilivyofunga, na gurudumu pia. Nimekaza kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na vidole havijasahau. Breki zote nimezipeleka mbele. Nyuma hakuna breki, hakuna kengele, usukani haugeuki. Ni wa kushikilia tu.

Springi nimeifunga siti ya nyuma. Nimeijaribu. Sikuwa nimeinunua kwa ajili yangu.

Vioo nilitaka kuvitoa. Kanikataza. Anasema anajiona vizuri.

Alhamisi, 29 Mei

Siku ya Kupaa. Leo tungekuwa njiani kwenda baharini. Hadija kasema bado, mkono wake unataka mwezi mwingine, na yeye anataka kuijua baiskeli kwanza. Bahari mwezi wa nane, akiona inafaa. Habari ya siku sita hajaigusa tena. Najua ipo.

Tumekwenda mfereji. Anaendesha polepole, anakata kona pana mno. Ningekuwa na la kusema. Sikulisema. Mbele yangu naona mgongo wake na kofia nyekundu, pembeni sioni kitu, na mikono yangu imeshika chuma kisichogeuka. Kilomita ya kwanza nilikuwa najikaza mwili mzima, mpaka meno.

Kaniambia nilegee, namyumbisha.

Kisha kasema, "Nguzo." Hakugeuka. Tukapita, mfuko haukugusa. Mimi hata sijui ilikuwa upande gani.

Baada ya daraja akauliza, "Baba Salma, unakanyaga kweli? Hii si teksi."

Nilikuwa nakanyaga. Nimekanyaga mpaka Vilvoorde. Tulikaa kwenye benchi tukala mayai ya kuchemsha na mkate, tukarudi.

Saa mbili kafungua friji. Kanilaza kichwa nyuma kwenye kiti cha jikoni, akanitia matone mwenyewe. Kushoto kwanza.