Siku Walipoezua Ghala la Pamba: Maelezo ya Mama Cherehani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kushambulia na kudhuru mwili
Mlalamikaji: Nyapara wa ghala la zamani la pamba
Mtuhumiwa: Fundi Baiskeli, yuko mahabusu
Shahidi: Anafahamika kwa jina la Mama Cherehani
Umri: Miaka arobaini na mmoja
Kazi: Kushona nguo
Makazi: Ghala la zamani la pamba, njia ya kwenda mpakani

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nimeelewa. Na mimi nimemweleza afande kwamba akiandika nisichosema sitatia sahihi. Naye ameelewa.

Tunaishi kwenye lile ghala tangu mwaka jana, vita ilipotufikia kwetu ng'ambo ya mpaka. Kila familia imejikatia chumba kwa shuka au turubai. Ukuta wako na jirani ni kitambaa, kwa hiyo hakuna ugomvi wa mtu ambao wengine hawaujui. Vumbi la pamba bado limenasa kwenye nyufa, upepo ukivuma wote tunakohoa. Silalamiki. Ghala lilikuwa na paa, mvua ikinyesha ilinyeshea nje. Hilo lilitutosha.

Wenyeji hawatutaki. Kwenye pampu ya maji tunasubiri mpaka wao wamalize, na wakishamaliza hakosekani mmoja wa kutuambia tusije tukavunja mpini. Dukani naulizwa nitarudi lini kwetu kabla sijaulizwa nataka nini. Nami siwapendi. Nawashonea nguo zao, wanachukua, kila mtu na njia yake.

Naishi na binti yangu wa miaka tisa na mama mkwe wangu. Afande ameniuliza uhusiano wangu na mama mkwe ukoje, nikamwambia aandike kwamba hatusemezani. Akitaka kitu anamwambia mjukuu wake, hata kama mimi nimekaa hapo hapo. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." "Mwambie mama yako kuna watu wanataka kulala, apunguze kelele za chuma chake." Chuma ni cherehani yangu.

Sababu ni hii. Siku tuliyokimbia, mume wangu alifunga cherehani nyuma ya baiskeli akaivusha mpaka, sisi tukimfuata kwa miguu. Alipotufikisha alirudi kumchukua mdogo wake aliyekuwa ameumia mguu. Hatujawaona tena wote wawili. Mama mkwe anasema safari ya kwanza mume wangu angembeba mdogo wake, siyo chuma, leo yeye angekuwa na watoto wake wawili. Mimi sikumwomba mume wangu abebe cherehani. Yeye mwenyewe alisema bila hiyo tutakula nini. Lakini hilo nimeshalisema mara nyingi ndani ya shuka ile, na mwenye kusikia amekataa kusikia, basi nimeacha.

Mnamo tarehe nne mwezi huu, siku ya Ijumaa, asubuhi, kama saa mbili na nusu hivi, nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu karibu na mlango mkubwa, ambapo kuna mwanga. Nilikuwa nashona gauni la mke wa Nyapara. Ndiyo, mke wake. Alikuwa amelileta kwa haraka, analitaka Jumapili. Binti yangu alikuwa pampuni. Mama mkwe alikuwa amelala kwa sababu ya magoti yake.

Likaja lori la mwenye ghala, na nyuma yake gari la polisi. Kwenye lori wakashuka vijana wenye mitaimbo na ngazi, na Nyapara mwenyewe. Nyapara ni mwanamume mkubwa, mlangoni anapita upande. Hakusalimia. Alisimama katikati akasema, "Tajiri anataka mabati yake. Mliambiwa."

Ni kweli tuliambiwa tutahama. Hatukuambiwa siku wala pa kwenda.

Mzee mmoja wetu akamwomba atupe mpaka jioni tutoe watoto na wagonjwa. Nyapara akasema, "Mtawatoa tu. Paa likiondoka mtajikuta mnatoka wenyewe." Wale vijana wakacheka, wakapanda juu. Wakaanza kung'oa mabati wakati sisi tuko chini yake. Misumari ilikuwa inatudondokea. Wanawake walikimbia na watoto, shuka zikaangushwa, sufuria zikakanyagwa. Vumbi la pamba lilijaa hata mtu hamwoni mwenzake vizuri. Bati moja liliteleza likaanguka palipokuwa na kitanda cha mjamzito. Alikuwa ameshatoka. Namshukuru Mungu, siyo Nyapara.

Naomba iandikwe kwamba askari wawili walikuwa kwenye lile gari la polisi. Hawakushuka. Afande amesema hilo halihusiani na kosa linalochunguzwa. Nimesema linahusiana, kwa sababu mmoja wao ndiye huyu anayeniandikia maelezo haya. Nimesubiri mpaka ameandika, ndipo nimeendelea.

Nilijaribu kuibeba cherehani yangu. Ni ya miguu, nzito, mtu mmoja hawezi kuibeba. Nikawa naiburuta kuelekea mlangoni. Nyapara alinikuta hapo, akasema nazuia njia. Nikamwambia, "Nishike upande huo tuitoe, sitazuia." Akaishika kweli, nikadhani ananisaidia. Akaisukuma nje ikabingirika kwenye ngazi za mlango, na gauni la mke wake likiwa bado kwenye sindano.

Nilimfuata. Nilimwambia maneno ambayo afande amesema si lazima yaandikwe. Nikalala juu ya kichwa cha cherehani, kwa sababu meza ilikuwa imeshavunjika na nilitaka angalau kichwa kibaki. Nyapara akaniambia niondoke. Sikuondoka. Akanikandamiza mgongoni kwa goti, akachukua mtaimbo kwa kijana wake, akasema, "Nahesabu, halafu napiga, mkono uwepo usiwepo." Mkono wangu ulikuwa juu ya chuma. Nilifikiri kuutoa. Nasema kweli, nilifikiri, ila ulikuwa kama si wangu.

Fundi Baiskeli, mkimbizi mwenzetu, alikuwa nje chini ya ukuta, mahali pake pa kazi pa siku zote, anafungua gurudumu la mteja. Alisimama akapiga kelele, "Bwana, utamuua mwanamke wa watu!" Alikuwa mbali, kati yetu palikuwa na lori. Hakufika. Ndiyo, alikuwa na spana mkononi. Nimeulizwa mara tatu kuhusu hiyo spana. Fundi baiskeli asiposhika spana ashike nini, kijiko?

Nyapara alinyanyua mtaimbo. Halafu nikasikia kitu kama gogo limeangukia gunia la nafaka, na Nyapara akanidondokea. Nilipojichomoa chini yake nikamwona mama mkwe wangu amesimama kwenye ngazi ya mlango, hana kilemba, pamba imemjaa kichwani, ameshika mchi wa kinu kwa mikono miwili. Yule kijana wa mtaimbo alikuwa ameshakimbia. Mama mkwe alimwangalia Nyapara pale chini akamwambia, "Hicho chuma alikibeba mwanangu."

Akanigeukia. Nilidhani ameniokoa, nikamwambia, "Ahsante, mama." Akasema, "Sikumpiga kwa ajili yako." Yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu mvua za mwaka jana.

Nyapara alikuwa hai. Alikuwa ameshika bega anaugulia. Ndipo askari waliposhuka kwenye gari. Waliangalia huku na huku, wakaona mwanamume mrefu amesimama na spana, wakamkamata. Fundi Baiskeli aliwaambia siyo yeye. Mimi niliwaambia siyo yeye. Mama mkwe aliwaambia, "Ni mimi," akawaonyesha mchi. Askari mmoja akamwambia, "Bibi, kaa pembeni usije ukaumia." Huyo si afande huyu. Afande huyu ndiye aliyecheka.

Fundi Baiskeli alipakiwa kwenye gari la polisi na Nyapara kwenye lori. Vijana wakamaliza kazi yao, kufika adhuhuri hapakuwa na bati hata moja. Tulikaa ndani ya kuta nne juani. Hatukuwa na pa kwenda, kwa hiyo kila mtu alirudi pale pale palipokuwa pake akatandika tena, hata shuka wengine wakazifunga upya. Binti yangu aliporudi na ndoo ya maji aliangalia juu kwa muda mrefu.

Jumamosi tukasikia Nyapara, hospitalini, amesema aliyempiga ni Fundi Baiskeli, kwa spana, kwa nyuma. Bega limevunjika. Namwelewa. Mwanamume kama yeye hawezi kurudi mtaani aambiwe ameangushwa na bibi kizee wa wakimbizi mwenye magoti mabovu. Lakini tuliambiwa pia kwamba Fundi Baiskeli akitiwa hatiani atarudishwa ng'ambo. Kule anakotoka watu wa kijiji chake wanajulikana kwa sura, na waliokuwa wakiwatafuta bado wapo. Akirudishwa hafiki wiki. Hilo kila mtu ghalani analijua, na nadhani hata hapa kituoni linajulikana.

Jumapili asubuhi mama mkwe aliniita. Hakumtuma mtoto. Akaniambia, "Kesho utakwenda kusema ulichoona."

Nikamwambia, "Mama, nikisema nilichoona watakufunga wewe."

"Nani kakuuliza watamfunga nani? Utasema ulichoona."

"Watu watasema nimekupeleka polisi kwa sababu ya ugomvi wetu."

"Watasema. Kwani siku hizi wanasemaje?" Akawa anatoa pamba kwenye kanga yake. "Yule kijana wa baiskeli ana mama yake huko ng'ambo. Mimi najua kungoja kulivyo. Na ukifika usinipunguzie. Usiseme nilimgusa. Sema nilimpiga."

Basi ndivyo nilivyokuja. Sikuja kwa kumpenda Fundi Baiskeli, kwanza nina maneno naye kwa namna anavyoimba asubuhi. Wala sikuja kwa kumchukia mama mkwe wangu. Afande ameniuliza kama nimekuja kumkomoa. Najibu kwamba mtu akitaka kumkomoa mama mkwe wake zipo njia fupi zaidi kuliko kutembea mpaka kituo cha polisi akiwa naye, yeye akitangulia mbele na magoti yale, akikataa kushikwa mkono.

Nikiulizwa kama nina hakika bibi wa umri ule anaweza kumwangusha mwanamume wa mwili ule, najibu kwamba ametwanga kila siku tangu akiwa msichana. Na Nyapara alikuwa ameinama.

Nikiulizwa kama kuna mtu amenifundisha maneno haya, najibu hapana. Nikiulizwa kwa nini sikuyasema siku ile ile, najibu kwamba niliyasema, kwa sauti, mbele ya gari la polisi, na kioo kilikuwa kimepandishwa.

Mama mkwe wangu yuko nje kwenye benchi. Amekuja na blanketi lake na mswaki, anangoja kuingizwa ndani. Mchi ameuweka miguuni. Nilimwambia auache nyumbani akasema ndio ushahidi.

Nimesomewa maelezo haya. Pale palipoandikwa kwamba mama mkwe "alimvamia" mlalamikaji, nimeomba paandikwe "alimpiga", kwa sababu aliyevamia alikuja na lori. Pamesahihishwa. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nilichosema ndicho nilichokiona, na nikiitwa mahakamani nitakirudia hivi hivi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi baada ya marekebisho yaliyotajwa.

Ninathibitisha kwamba siku ya tukio nilikuwa kwenye gari la polisi nje ya ghala. Sikuona kipigo. Gari lilikuwa limeegeshwa kuelekea barabarani, na sikugeuka.

Baada ya maelezo haya nilikwenda na bibi mwenye mchi hospitalini kwa mlalamikaji. Bibi alisimama miguuni pa kitanda. Nilimuuliza mlalamikaji kama anamfahamu. Akageukia ukutani. Nilipomuuliza tena kuhusu Fundi Baiskeli alisema sasa hana hakika. Mke wake, aliyekuwepo hapo, alimwambia, "Sema." Ndipo akasema hakumwona Fundi Baiskeli karibu yake wakati wowote.

Mtuhumiwa Fundi Baiskeli ameachiwa leo saa tisa alasiri. Jalada dhidi ya mwenye ghala, kwa kuezua jengo watu wakiwa ndani, nimelifungua. Mkuu wa kituo ameniuliza nimelifungua kwa amri ya nani. Nimejibu ni kwa maelezo ya shahidi.

Bibi amehojiwa na kukiri. Kwa kuwa alimzuia mtu aliyekuwa akitaka kumjeruhi mwingine, na kwa umri wake, sikuona sababu ya kumweka mahabusu. Nilimwambia aende nyumbani akapumzike mpaka atakapoitwa.

Aliniuliza nyumbani wapi.

Nimewapeleka yeye na shahidi kwa gari la polisi hadi ghalani. Mvua ilikuwa imeanza.