Chumba cha Uani

Alhamisi, baada ya isha

Bado namwona akigeuka na begi lake juani. Ni mwalimu kijana kutoka Kitui, amehamishiwa shule ya hapa mtaani kwetu, Waberi, na asubuhi alikuja kuulizia chumba changu cha uani. Kilikuwa tupu. Nilimwambia kimeshachukuliwa.

Sikumchukia. Niliona tu kwamba si mtu wetu, mdomo ukatangulia.

Wallahi, maneno hayohayo niliambiwa mimi Nairobi, nikiwa mwanafunzi. Mwenye nyumba alitazama hijabu yangu, akafunga mlango. Nililia njia nzima. Nikadhani aliyeonja uchungu ule hawezi kumwonjesha mwenzake.

Alasiri nilishindwa kutulia, nikatoka kumtafuta. Nilimkuta ameketi nje ya duka, godoro jipya ameliegemeza ukutani.

"Mwalimu, chumba kipo," nikasema. "Nilikudanganya. Nisamehe."

Akainuka kwa heshima.

"Nilijua, mama. Nimekusamehe. Lakini siwezi kukaa kwako. Kila ukininyamazia nitajiuliza unawaza nini."

Hata mimi sijui ningekuwa nawaza nini.