Kipimo cha Moyo wa Zamzam

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1981

Mpendwa dada Tatu,

Shikamoo. Barua hii ikikufikia, nijulishe kwanza habari za lile goti lako, na kama shemeji Ramadhan kile kikohozi kimemwachia. Huku sote tuko chini ya rehema za Mungu. Sabuni uliyoagiza bado. Nimepanga foleni mara mbili, na mara zote mbili imekwisha wakiwa wamebaki watu wanne mbele yangu.

Barua yako Bakili amenifikishia. Unataka nimpandishe Zamzam basi la Lindi mwisho wa mwezi huu, kwa kuwa vidole vimemvimba, kushona hawezi tena, na huko yupo bibi anayekanda baridi yabisi. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Mwanao ana maji kwenye moyo. Anakula, anacheka, wala hajalazwa, lakini ndivyo ilivyo, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya woga tu.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa saba nilimpeleka hospitali kubwa ya Upanga kwa ajili ya vidole. Daktari Aristides, kijana mpole wa Bukoba, akampima damu, akasema hii si baridi. Ni ugonjwa unaoufanya mwili ujishambulie wenyewe. Unaanzia kwenye viungo lakini hauishii hapo. Mwezi wa nane akatuandikia twende chumba cha moyo.

Mimi nikaona wamekosea. Si unanijua. Nilisimama pale dirishani na beji yangu ya chama kifuani, nikawaeleza kwamba mgonjwa wangu ni wa vidole. Muuguzi mmoja, Severa, akanitazama juu mpaka chini: "Mzee, nyumba kumi zako umeziacha Kariakoo. Hapa kaa foleni." Nikakaa.

Kuna mashine imekuja na madaktari wageni, itakuwepo mpaka mwisho wa Oktoba. Wagonjwa wote wa viungo wa namna hii wanapimwa, anayeumwa kifua na asiyeumwa. Haikati wala haichomi. Mtu anapakwa mafuta mazito ya baridi, kisha wanamgusisha katikati ya mbavu kitu chenye unene wa mshumaa. Kinatoa sauti ambayo sikio haliwezi kuisikia. Sauti hiyo ikigonga moyo inarudi, na mashine inachora mistari kwenye karatasi.

Daktari alinionyesha karatasi yenyewe. Mstari mmoja ni ukuta wa moyo, mwingine ni mfuko unaoufunika, na inatakiwa ikaribiane. Ya Zamzam imeachana. Ile nafasi katikati ndiyo maji. Si mengi sana bado, ila yakiongezeka yataubana moyo ushindwe kusukuma damu. Amepewa vidonge na amekatazwa kazi nzito. Tarehe ishirini na mbili Oktoba atapimwa tena. Kama hayajapungua, watayatoa kwa sindano. Bibi wa kukanda namheshimu, dada, lakini hawezi kuona ndani ya kifua.

Sasa neno lililonifanya nichelewe. Tangu mwezi wa tano Zamzam alikuwa akiachwa nyuma kwenye mchakamchaka wa mgambo. Orodha ya mtaa ninayo mimi, na sikutaka watu waseme mjumbe wa nyumba kumi anamkingia kifua mpwa wake. Tena niliamini kukimbia kutamlegeza viungo. Kila alfajiri nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele, "Usilegee, Zamzam!" Siku alipokaa chini njiani, nilimwandika mtoro.

Kule hospitali, Severa alipomhoji nyuma ya pazia, mtoto alisema ana miezi miwili hawezi kulala mpaka aegemee ukuta. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nasikia. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mjomba, ungesema nategea." Na kweli ningesema.

Nimeona aibu, dada, aibu kubwa. Jina lake nimelifuta kwenye orodha ya watoro na nikasimama mbele ya wenzangu kueleza sababu. Wengine walicheka. Siku hizi tukipita asubuhi, yeye yuko barazani kwenye mkeka, na ananipigia kelele mimi: "Usilegee, mjomba!" Majirani nao wameidaka. Nastahili.

Najua utasema mtu aliyemkimbiza mwanangu hafai kumtunza. Kama huniamini, njoo mwenyewe, au mkabidhi mke wangu Sophia, mimi nikae pembeni. Lakini barabara ile na kivuko cha Rufiji daktari amevikataa kabisa. Nitumie telegramu, neno moja linatosha: ABAKI.

Msalimie shemeji, na bibi wa kukanda usimwambie nilivyosema. Sophia na mwanetu Nassibu wanakuamkia. Mungu akupe nguvu ya goti na subira ya moyo.

Hasira zako zote zilete kwangu, nitazipokea. Mtoto mwache afike tarehe ishirini na mbili.

Mdogo wako akupendaye, anayeliogopa jibu lako,

Fikirini