Ulikuwa Umeshashika Komeo la Geti

Kocha Anselmi,

Kesho tunakwenda Katy, kule Houston, kucheza fainali. Ndiyo, fainali, timu yetu hii hii ya Malagarasi. Wewe ungekuwa umeshawapigia simu watu wote wa mtaa wetu wa Vickery Meadow. Mimi sina furaha. Nina hofu tangu Jumatatu, na hofu yenyewe niliitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa hiyo nisikilize, na leo usinikatize.

Tangu tukuzike wakati wa Kwaresima hatujafungwa hata mechi moja. Timu iliyochapwa kumi na moja bila na Wahonduras, wewe ukasema, "Leo tumejifunza hesabu." Timu iliyoanza ligi hapa Dallas na fulana za njano za kazini kwa kipa wetu Nestori, namba tumeziandika kwa kalamu ya wino, na jasho likazifuta kabla ya mapumziko. Miaka kumi tulikuwa chini kabisa kwenye ligi ya Jumapili, na hakuna aliyeona ajabu. Sasa tunashinda tu. Tunashinda hata tukicheza ovyo. Juzi mpira uligonga mwamba, ukagonga mgongo wa beki wao, ukaingia. Hakuna aliyeshangilia kwetu. Tulitazamana tu.

Unajua wanasema nini? Kwenye ngazi za apartment, nje ya kanisa baada ya misa, kwenye basi la wanaotoka kazi hotelini, wanasema Malagarasi wamemla kocha wao. Kwamba ulijitoa kafara. Mwanzoni nilicheka. Kisha nikawasikia wachezaji wetu wenyewe wakisema hivyo, tena kwa kujivunia.

Ni ule uzio, Kocha. Wanaojiunga siku hizi wanadhani kuruka uzio ni dawa tuliyopewa na mganga. Mimi nilikuwapo. Kule Kigoma, kambini kwa wakimbizi, mechi yetu ya kwanza kabisa, mlinzi alifunga geti akaenda kula, refa anapuliza filimbi, tukaruka ua, tukashinda. Basi, hakuna zaidi. Mechi ya pili tukaruka kwa mzaha, tukashinda tena. Ya tatu tukapita getini, tukafungwa, na Nestori akavunjika kidole langoni. Tangu siku hiyo Malagarasi haipiti getini. Tulikuja na desturi hiyo mpaka Amerika, pamoja na sufuria na vyeti vya ubatizo. Hapa Dallas walituitia polisi mara mbili. Ukamwambia yule askari, kwa Kiingereza chako cha kufulia mashuka ya hoteli, "Sir, gate is bad luck, we are Catholic." Tulicheka wiki nzima.

Sasa nikwambie unachokijua wewe, maana hakuna mwingine anayekijua.

Siku ile ya mechi yako ya mwisho, kwenye uwanja wa Carrollton, mvua ilikuwa imenyesha. Wenzetu walishavuka, wanapasha misuli upande wa pili. Tulibaki nje mimi na wewe. Goti lako lilikuwa limevimba, ulikuwa umetoka kusimama zamu nzima. Ukaelekea getini. Ulikuwa umeshashika komeo. Nami nikasema, "Kocha, leo unataka tufungwe?"

Nilikuwa nakutania. Mungu anajua nilikuwa nakutania, kama siku zote. Ukanitazama, ukaachia komeo, ukarudi kwenye uzio. Nilikushika mguu nikakusukuma juu kwa mikono yangu.

Ulianguka upande wa pili, kisogo kikatangulia. Ukainuka, ukajifuta tope, ukasema ardhi ya Texas ni ngumu kuliko ya Kigoma, ukaketi kwenye kiti chako cha kukunja. Bao letu la tatu lilipoingia hukusimama. Nilidhani ni goti. Kwenye gari langu ulisinzia kabla hatujaingia barabara kuu, na hukuamka tena. Siku mbili mashine ilikupumulia, Mama Eriki ameshika vidole vyako. Samahani, Kocha. Samahani.

Kwenye matanga waliniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Alitaka kupanda mwenyewe." Nilisema hivyo kwa sababu mkeo alikuwa ananitazama. Wao wakalichukua neno hilo wakalikuza. Alitaka mwenyewe, basi alijua. Alijua, basi alijitoa. Na mimi, kapteni, nimenyamaza miezi yote hii huku tukishinda.

Jumatatu Eriki wako alitusimamisha mazoezini. Ana miaka kumi na tisa sasa, ndiye namba tisa wetu. Unamjua, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku hiyo alisema Kiswahili. "Uzio wa Katy nimeuona kwa simu," akasema. "Ni mrefu, juu una vyuma vya ncha. Papa alipanda na goti bovu. Mimi nita-climb wa kwanza, na mtu asinishike." Wakampigia makofi. Nestori, mtu mzima kama mimi, akaninong'oneza kwamba uzio ukishaonja hutaka tena, lakini fainali ni fainali. Alisema hayo akifunga kamba za viatu, wala hakuinua kichwa.

Kesho ni siku ya Marehemu Wote. Wanasema mvua inakuja Houston kutoka Ghuba ya Meksiko. Mama Eriki ameshapiga pasi jezi ya mwanawe. Amenipigia leo mchana, akasema neno moja tu: "Shemeji, umwangalie." Nikasema sawa, nikakata simu.

Nilifikiria kusingizia homa nibaki Dallas. Nilifikiria pia kumpangia Eriki benchi, lakini hata wa benchi hupanda uzio. Imebaki njia moja, na nakuahidi wewe ili nisije nikageuka njiani.

Tukishuka kwenye gari nitawasimamisha wote nje ya uwanja. Nitawaambia ulishika komeo. Nitawaambia nani alikufanya uliachie. Eriki akinipiga, sitakinga uso. Wakinivua kitambaa cha ukapteni, nitawapa na mkono wenyewe. Kisha nitalifungua geti na kupita wa kwanza, mbele ya macho yao. Tukifungwa kumi na moja, tutakuwa tumejifunza hesabu.

Kinachonitisha ni kitu kimoja. Mwanao hukimbia sana, na mimi huanza kusema polepole.

Lala salama, Kocha wangu. Kama mnaruhusiwa huko kumwita mtu kwa jina, mwite mwanao kesho kabla hajashika vile vyuma. Mimi nitakuwa nimeshikilia geti wazi, na sitaliachia mpaka apite, hata kama atakuwa ameshafika juu.

Kapteni wako,
Melkiadi