Maharage ya Mama na Chumba Kilichofungwa

Mama,

Sauti iliyonibakia ni ya maharage yakimiminwa kwenye beseni la plastiki. Uliyamimina kutoka juu kwa makusudi, na watoto wa majirani walijua somo linaanza. Ilikuwa wakati wa korona. Shule zilikuwa zimefungwa, mpaka nao umefungwa, na wewe uliyezoea kuvuka kila asubuhi kwenda kuuza nyanya Goma ukajikuta umekaa tu. Wazazi wa mtaa wetu wakakubaliana kufundisha kwa zamu. Papa Eric, fundi cherehani, akachukua vipimo. Mimi niliyerudishwa kutoka chuo nikapewa kusoma na kuandika. Ukasema, "Bon, hesabu mutaniachia mi."

Ukaifundisha kama unavyouza. Kumi na mbili na nane, ishirini, halafu unaweka harage moja pembeni: matabisi, ile nyongeza ya mnunuzi. "Usipoweka matabisi watu watapita, utakula nyanya yako we mwenyewe." Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliniita. Watoto wote wa upande wetu wa barabara walikuwa wakiongeza moja kwenye kila jibu, tena bila wasiwasi wowote. Mmoja alimweleza kwamba ile moja ni ya kumfanya mteja arudi. Mimi niliona aibu. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, na mwishowe nikacheka nawe.

Tangu ututoke, vita ilifika Goma, shule za huko zikafungwa, na mdogo wako Mama Neema akavuka na watoto wake. Kikundi kimeanza tena, uani kwetu. Wao wamezoea kusoma kwa Kifaransa, wa hapa, wanaojiunga nasi siku zisizo za shule, kwa Kiingereza, kwa hiyo hesabu ni kwa Kiswahili, kama yako. Matabisi nimeyaruhusu, ila baada ya jibu kuandikwa. Juzi Neema, anayeniita shangazi kwa Kifaransa, akaniuliza, "Tantine, na kwa kutoa, matabisi inabaki kwa nani?" Nikamwambia aliandike swali daftarini. Wewe ungekuwa na jibu.

Tatizo lilikuwa mvua. Kila iliponyesha tulibanana barazani, na wadogo wakarudi nyumbani wameloa. Wengine walianza kutokuja kabisa. Chumba kikubwa ni kimoja tu, chako, nacho nilikifunga siku tuliyokuzika. Ufunguo nililala nao chini ya mto. Papa Eric alivumilia, kisha siku moja akasema mbele ya wazazi wote, "Watoto wako kwa mvua, kitanda iko kwa nyumba. Nani iko mwanafunzi?" Walicheka. Mimi niliingia jikoni nikalia kwa hasira, na katikati ya kilio nikajiona nimeanza kucheka, kwa sababu ni maneno ambayo ungeyasema wewe.

Jumamosi nilikifungua. Bado kilikuwa na harufu yako, sabuni na vitunguu. Nilifungua dirisha kwanza. Kisha nikamwita Mama Neema, aliyekuwa analala kwenye mkeka, tukakibeba kitanda chako hadi chumbani kwake. Vitenge vyako amechagua anavyovipenda. Kimoja alichoniachia nimekivaa sasa. Ukuta wa dirishani nimeupaka rangi nyeusi, na chaki inashika vizuri.

Nakuaga hapa, Mama, watoto wananisubiri. Nakuahidi sitakifunga tena, hata shule za Goma zikifunguliwa. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, na hakuna mtoto aliyelazimika kurudi nyumbani.

Solange wako