Mke Wangu Anashona, Mimi Nafumua

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu za mtu aliyechoka. Naomba unisaidie, ila usinihukumu kabla ya kufika mwisho, maana barua hii nimeianza mara nne jikoni kwa wateja wangu, na mara zote nne nimeichana.

Mimi ni fundi friji. Mke wangu ni fundi cherehani, na wateja wamemzoea kwa jina la Mama Pindo, kwa sababu pindo akilipinda yeye hata ulitazame kwa miwani huoni sindano ilipopita. Sisi kwa sisi huitana fundi, "Fundi, chai inapoa," "Fundi, nani kaacha taa?", na tumeishi hivyo miaka kumi na tisa, tukigombana vizuri na kupatana vizuri.

Mwaka jana asubuhi moja alisimama mlangoni ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia, "Fundi, kichwa hiki si kile cha siku zote." Mimi nilikuwa natafuta spana, nimechelewa, mteja anapiga simu, nikamjibu bila hata kugeuka, "Meza vidonge viwili ulale. Wewe nawe kila siku kichwa." Nikatoka. Saa nne dada yangu alipita kuchukua gauni lake akamkuta wifi yake chini, kando ya meza ya kupigia pasi, pasi inaunguza kitambaa na moshi umejaa chumba. Hospitali wakasema mshipa umepasuka kichwani, damu inavujia kwenye ubongo, wamfungue haraka. Daktari akaniuliza, "Alianza kulalamika lini?" nami mbele ya dada yangu nikajibu, "Sijui, daktari, nimemwacha mzima." Mshauri, uongo huo ulitoka kabla sijauita, na mpaka leo sijaurudisha.

Alikaa hospitali wiki saba. Alirudi na mkono wa kulia mzito, mguu unaburuta, na maneno yamemchanganyikia, akitaka maji anasema "mlango", akitaka mlango anasema jina la marehemu mama yake, kisha analia kwa hasira kwa sababu anajua amekosea. Nikamwogesha, nikamlisha, nikamkunja na kumkunjua vidole kama tulivyofundishwa, vidonge vya presha nikavipanga dirishani kwa siku. Majirani wananiambia, "Wanaume kama wewe wameisha," na kila nikisifiwa masikio yananiwaka moto. Sikai, mshauri. Nikiwa kazini nampigia kila baada ya saa mbili, na kwa kuwa maneno yanamchelewa tumekubaliana agonge simu kwa kidole mara tatu, ndipo nijue yu hai. Akichelewa kugonga naacha friji ya watu imefunguliwa tumbo nakimbia nyumbani, namkuta alikuwa chooni. Mtu akimuuliza hali namjibia mimi. Na niseme na hili, nimechoka kulificha: kuna siku namaliza kazi mapema nazunguka tu barabarani, sitaki kurudi, kwa sababu nilioa mwanamke wa kunikaripia na sasa nina mtu wa kumfuta mdomo, na ninamkumbuka mke wangu huku amekaa mbele yangu.

Sasa ndio nafika kwenye kosa lenyewe. Mwezi wa nane alinionyesha cherehani, akasema, "Fungua." Nikamfungulia. Mwalimu mmoja, mteja wake wa zamani, akaleta sketi ya kupinda, ya kumtia moyo tu. Mke wangu aliishona siku mbili, jasho linamtiririka, na alipomaliza pindo lilikuwa limepanda na kushuka, huku limekunjamana, kule limeachia. Sikuweza kumwona akiaibika. Nikaitia sketi kwenye mkoba wangu wa vifaa nikampelekea fundi wa karibu na stendi, akaifumua na kuishona upya kwa nusu saa, nikairudisha juu ya meza kabla mke wangu hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Mwalimu alipokuja akapiga vigelegele, "Mama Pindo, umerudi!" Mke wangu akaichukua ile sketi, akaigeuza ndani nje, akapitisha dole gumba kwenye pindo lote, akanitazama muda mrefu. Halafu akacheka, machozi yakamtoka. Nikajua ni furaha.

Tangu hapo ni nguo kumi na moja. Yeye anashona, mimi nafumua. Na kwa sababu sifa zimeenea, wiki iliyopita yule mwalimu amekuja na oda ya majoho thelathini ya kwaya ya shule, yawe tayari mwisho wa mwezi. Kabla sijafungua mdomo mke wangu akasema, "Ndiyo." Neno moja, safi kabisa. Nikamkimbilia fundi wa stendi, akanicheka: "Bwana, mimi si jini wa mkeo. Majoho thelathini kwa siri nitayaficha wapi, chini ya godoro?" Vitambaa vimejaa sebuleni, mke wangu ameshaanza kukata, na mkasi unakwenda mrama. Nikimwambia ukweli naogopa presha itapanda damu ivuje tena. Nisipomwambia, shule nzima itamwambia. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Friji


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa kaa kitako, najua kwako kukaa ni kazi.

Wasomaji wajue kwamba huyu sikumsubirisha gazeti. Aliacha namba, majoho yanakatwa ovyo, nikampigia siku ileile, na yaliyofuata nayasimulia kwa ruhusa yao wote wawili.

Pole kwanza, na ninaisema kwa moyo. Kumuuguza mtu aliyevuja damu kwenye ubongo ni kazi isiyo na jua kuchwa, na kutamani kuzunguka barabarani si dhambi, ni uchovu. Lakini nilikuuliza kwenye simu na nakuuliza tena hapa: mwanamke aliyeshona miaka kumi na tisa, akageuza nguo ndani nje na kupitisha dole gumba kwenye pindo, wewe ukajua ni furaha? Mshono wa fundi ni mwandiko wake. Ungeandikiwa barua na mtu mwingine ikatiwa saini yako, usingeijua?

Nikakwambia umweleze mambo mawili, sketi na ile asubuhi. Mchana, televisheni imezimwa, sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, kisha ufunge mdomo mpaka ajibu yeye. Na kuhusu presha, kwanza umpigie daktari. Ulimpigia, naye akasema mgonjwa anayemeza dawa zake na kupimwa anaweza kuambiwa ukweli kwa upole kama mtu mzima yeyote.

Siku ya tatu ukanipigia. Ulianza na kile kichwa, kwa sababu ndicho ulichokiogopa zaidi. Ukamwambia, "Uliniambia, nikakupuuza. Na daktari nilimdanganya." Alikushika sikio kwa mkono wa kushoto, akalivuta mpaka ukasema "aa!", kisha akasema, "Hiyo... basi." Ukashusha pumzi ya mwaka mzima. Ukaendelea na nguo, ukidhani hilo ni dogo, maana ulilifanya kwa mapenzi. Hapo mkeo alisimama. Akasema, bila kukwama hata mahali pamoja, sentensi yake ya kwanza nzima tangu augue:

"Wewe umenifanya mjinga nyumbani kwangu."

Ukaniambia, "Mshauri, nimelia, sijui kwa aibu au kwa furaha ya kumsikia." Vyote viwili, baba. Halafu hakusema nawe siku nzima, na ulipompigia kazini hakugonga simu, ukakimbia nyumbani, ukamkuta amekaa na yule mwalimu, anamweleza mwenyewe kwa dakika zake: "Mkono... bado. Majoho... stendi. Vifungo... mimi." Mwalimu akasema, "Sawa, fundi." Basi. Mlima ulioubeba kwenye mkoba wa spana ukashuka kwa maneno sita.

Najua unauliza mbona akusamehe kubwa akunyime dogo. Fundi, ile asubuhi ulimkosea kwa haraka, na mke yeyote anaijua haraka ya mumewe. Hizi nguo ulimkosea kwa kupanga, mara kumi na moja, na kila mara ulikuwa unamwambia bila kutamka kwamba Mama Pindo amekufa na wewe ndiye mlinzi wa kaburi. Usimdai msamaha. Utakuja ukija.

Sasa sikiliza, na usitikise mguu. Nenda kwa daktari umweleze ukweli wa ile saa, uandikwe. Kama kumsikiliza asubuhi ile kungebadili chochote mimi sijui na wewe hujui, muulize yeye, na jibu lolote ulipokee. Kichwa kikimuuma ghafla tena, au akitapika, au akilegea upande, ni hospitali hapohapo, hakuna vidonge viwili. Mazoezi ya mkono yaendelee, na muulize daktari habari za mtaalamu wa kufundisha kusema, maana huyu sentensi anazo, zinatafuta njia. Dada yako apewe siku mbili kwa wiki za kukaa na wifi yake, na siku hizo uende unakotaka, hata kama ni kuzunguka barabarani, ila sasa uwe umeaga. Simu punguza: mara moja mchana, inatosha.

Usiguse vifungo vyake. Joho moja linamchukua asubuhi nzima, umeniambia, na kifungo cha tatu huwa kimekaa upande. Kikae upande. Kwaya itaimba.

Na mtu akimuuliza swali mbele yako, ng'ata ulimi. Ukiona neno limemkwama liache likwame, usimchomolee. Ni la kwake.